Moshi wa Sigara na Mlinzi wa Koo

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za kikohozi. Si kikohozi cha mafua, wala si cha kifua kikuu, ingawa hicho cha pili nitakigusa kabla sijamaliza. Nataka kunena habari za kikohozi cha mvuta sigara, na hasa kile kikohozi ambacho ingempasa kukikohoa, naye hakikohoi.

Jambo hili lilinijia kwa swali la mzee mmoja, jirani yangu, seremala, ambaye alivuta sigara tangu ujana wake hata mvi zikamtoka. Mwaka mmoja aliazimu kuacha, akaacha. Wiki ya kwanza ikapita salama, ila alikuwa mkali kidogo kwa watu wa nyumbani mwake. Wiki ya pili akaanza kukohoa. Akisukuma randa na vumbi la mbao likaruka, hukohoa. Jirani akikaanga pilipili, hukohoa. Usiku hewa ya baridi ikiingia dirishani, hukohoa. Mambo haya yote hayakuwa yakimsumbua hapo zamani. Wazee wenziwe wakamcheka, wakamwambia, "Waona sasa? Tumbaku ndiyo iliyokuwa dawa yako." Akanunua sigara moja kwa siri, akavuta nusu yake, na kikohozi kikapungua. Ndipo akanijia barazani kwangu.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja na swali, lakini usinijibu kwa mahubiri, maana mahubiri nimekwisha kusikia mengi. Kitu kinachonyamazisha kikohozi, kitakuwaje ndicho kinacholeta kikohozi?"

Nakiri ya kuwa sikuwa na jibu siku ile. Nilimpa maneno mawili matatu ya adabu, akaaga, akaenda zake na swali lake. Baadaye nilitafuta katika maandishi ya madaktari, nikaona ya kuwa swali la mzee lilikuwa jema kuliko nilivyodhani, kwa sababu wataalamu wenyewe wameliuliza kwa miaka mingi. Haya nitakayowaeleza ndiyo ningalimweleza siku ile kama ningaliyajua.

Tuanze na njia yenyewe. Hewa huingia puani au kinywani, hupita kwenye kongomeo, yaani pale sauti inapofanyika, kisha huingia katika koo la pumzi. Hilo ni bomba lenye pete za gegedu, na urefu wake katika mtu mzima ni kama sentimeta 10 hadi 12. Chini yake hugawanyika kuwa matawi mawili, moja kwa kila pafu. Na kila tawi hugawanyika tena, na tena, yapata mara 23, mpaka mwishoni kuna vifuko vya hewa vidogo sana ambavyo hesabu yake hupita milioni 300. Mtazameni mbuyu wakati umepukutisha majani yake yote, kisha mkaugeuze kwa mawazo, shina juu, vitawi chini: ndiyo sura ya njia za pumzi.

Nyuma ya koo la pumzi hupita umio, ambao ni njia ya chakula. Njia hizi mbili hutoka mahali pamoja, na hapo ndipo penye hatari. Ni nani kati yetu ambaye hajapata kupaliwa na maji? Tone moja lapotea njia, na mara mwili wote hushtuka, macho hutoka machozi, na mtu hukohoa mpaka tone lile litoke. Hakuna aliyefikiri kwanza akasema, "Sasa nikohoe." Kikohozi kimefanyika chenyewe, kwa amri iliyotoka chini ya ubongo kabla mwenyewe hajajua kumetokea nini.

Usafi wa njia hizi umewekewa watumishi wawili. Wa kwanza ni vinyweleo, vidogo hata jicho tupu haliwezi kuviona, vilivyoota juu ya ngozi laini ya ndani. Hivyo hupiga pamoja kama makasia ya mtumbwi, zaidi ya mara kumi kwa sekunde moja, na kusukuma kamasi nyembamba kuelekea juu pamoja na vumbi lililonaswa humo. Kamasi hiyo hufika kooni, nasi huimeza mchana kutwa bila kujua. Huyu ni mfagizi wa kila saa.

Mtumishi wa pili ndiye kikohozi, naye huitwa kazi ikimshinda yule wa kwanza. Mtu huvuta hewa kwa nguvu; kongomeo hufungwa; misuli ya kifua na ya tumbo hukaza, hewa ikabanwa ndani kama hewa katika pampu ya baisikeli iliyozibwa kwa kidole; kisha kongomeo hufunguka ghafula, na hewa hutoka kwa kishindo, ikichukua kilichomo njiani.

Lakini mtumishi huyu hana macho. Apataje kujua ya kuwa kuna kitu? Hapo ndipo tunapofika kwenye mishipa ya fahamu, ambayo ndiyo shabaha ya maneno yangu.

Kuna mshipa wa fahamu uitwao vagasi, nao ni wawili, wa kuume na wa kushoto. Jina lake ni la Kilatini, na maana yake ni mwenye kutangatanga. Na kweli hutangatanga, kwa kuwa hutoka kwenye shina la ubongo, hushuka shingoni, huingia kifuani, ukafika hata tumboni. Ndani yake mna nyuzi nyingi zinazochukua habari kutoka katika njia za pumzi kwenda ubongoni. Ncha za nyuzi hizi zimetandazwa ndani ya ile ngozi laini, karibu sana na uso wake, kama walinzi waliolala mlangoni.

Nyuzi hizi si za namna moja. Ziko za mbio, ambazo husikia mguso: punje ya wali, tone la maji, uchachu upandao kutoka tumboni. Hizi ndizo hutuokoa tukipaliwa. Tena ziko za polepole, ambazo mwendo wa habari zake haufiki mita 2 kwa sekunde, kama mwendo wa mtu aendaye kwa miguu kwa haraka. Hizi za polepole kazi yake ni kusikia mambo yanayochoma: joto, kemikali kali, na uvimbe wa ngozi yenyewe.

Kila mwenye kuishi katika nyumba yenye jiko azijua nyuzi hizi za pili, hata kama hajui jina lake. Siku pilipili kavu zinapokaangwa, baba aliye sebuleni hukohoa, watoto walio uani hukohoa, na mpishi mwenyewe hukimbilia nje na upande wa khanga puani. Katika pilipili mna kitu kiitwacho kapsaisini. Mwaka 1997 mtaalamu wa Marekani, David Julius, pamoja na wenziwe, waligundua ya kuwa kwenye ncha za nyuzi za fahamu mna kilango kidogo mno ambacho kapsaisini hukifungua. Na kilango hicho hicho hufunguliwa na joto likipita yapata digrii 43. Ndiyo sababu ulimi husema pilipili ni moto, na ulimi hausemi uongo, maana mlango ni mmoja. Wataalamu hukiita kilango hicho kwa herufi, TRPV1. Julius alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, aliyechunguza fahamu ya mguso.

Kiko kilango kingine kilicho jirani yake, TRPA1. Hicho hufunguliwa na ukali wa haradali, na kwa habari yetu ya leo ndicho kikubwa zaidi, kwa sababu hufunguliwa na moshi wa sigara. Katika moshi huo mna kemikali zaidi ya 7,000, na miongoni mwake mna moja kali sana iitwayo akrolini. Akrolini mmekwisha kuinusa: ndiyo ule ukali uchomao macho na pua mafuta yanapoungua kikaangoni. Mwaka 2008 wataalamu walionyesha katika wanyama wadogo ya kuwa akrolini na ndugu zake walio katika moshi wa sigara huingia kwa kilango hiki cha TRPA1, wakaiamsha mishipa ya fahamu ya njia za pumzi.

(Kwa upande mmoja, tumbaku na pilipili ni mimea ya ukoo mmoja, pamoja na nyanya na bilinganya, na yote miwili, tumbaku na pilipili, asili yake ni Amerika. Mzee wangu alipoambiwa hivyo alicheka sana.)

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi mwenyewe lilinistaajabisha. Twadhani ya kuwa mshipa wa fahamu ni kama simu: huchukua habari tu, basi. Sivyo. Nyuzi hizi za polepole zikichomwa hupeleka habari ubongoni, na papo hapo humwaga vitu fulani palepale kwenye ncha zake. Kimoja huitwa P, nacho kiligunduliwa mjini London mwaka 1931 na Ulf von Euler na John Gaddum. Kikimwagwa katika njia ya pumzi, mishipa midogo ya damu huvuja maji yake, ngozi huvimba, kamasi huzidi, na misuli inayozunguka njia hukaza. Yaani mlinzi hapigi kelele tu; huifurikisha nyumba maji kana kwamba imeshika moto. Kwa moto wa siku moja jambo hilo ni la faida. Bali mtu avutaye sigara ishirini kila siku, nyumba yake huungua kila siku, na maji humwagwa kila siku.

Hili si la kubahatisha. Mwaka 1983 wataalamu wawili waliofanya kazi Sweden, Lundberg na Saria, waliwapa panya kapsaisini nyingi mpaka nyuzi zao za polepole zikafa ganzi. Kisha wakawapuliza moshi wa sigara. Njia za pumzi za panya hao hazikuvimba kama za panya wengine. Basi ikajulikana ya kuwa sehemu kubwa ya uvimbe ule haikutoka kwa moshi moja kwa moja, bali ilipitia kwa mishipa ya fahamu.

Sasa turudi kwa binadamu. Mvulana anayevuta sigara ya kwanza, huwaje? Hukohoa, hutokwa na machozi, na pengine hutapika. Mlinzi ametimiza kazi yake barabara. Wenziwe humcheka na kumwambia ya kuwa bado mtoto. Huvuta ya pili na ya kumi, na baada ya miezi michache huvuta bila kukohoa. Hapo husifiwa ya kuwa kifua chake kimekomaa. Nawaomba ninyi wanafunzi mlitazame neno hilo vizuri. Ni kitu gani kilichokomaa?

Wataalamu wana njia ya kupima wepesi wa mlinzi wa koo. Humpa mtu kuvuta mvuke wenye kapsaisini kidogo mno, kisha mwingi zaidi, kisha mwingi zaidi, na kuandika kipimo ambacho mtu hukohoa mara mbili, na kile ambacho hukohoa mara tano. Mwenye mlinzi mwepesi hukohoa mapema; na wanawake kwa kawaida hukohoa kwa kipimo kidogo kuliko wanaume. Habari zilizotolewa mwaka 2003 kutoka New York zilihusu wavuta sigara wasio na ugonjwa wa mapafu. Mtu angetazamia ya kuwa njia zao, kwa kuwa huchomwa kila siku, zingekuwa nyepesi kuudhika. Ikawa kinyume. Wavutaji walihitaji kapsaisini nyingi zaidi ndipo wakohoe kuliko watu wasiovuta. Mlinzi wao alikuwa amelala.

Koo nalo ni vivyo hivyo. Mwaka 1998 wataalamu wa Marekani waliwatia watu maji kidogo kidogo nyuma ya koo, ili waone ni maji kiasi gani yatalifanya koo limeze lenyewe bila mtu kukusudia. Wavutaji walihitaji maji mengi zaidi. Maana yake ni kwamba maji hukaa karibu na mlango wa pumzi, na mwenye mlango hana habari.

Najua mmoja wenu anasema moyoni, "Mwalimu, wewe huwajui wavutaji. Mbona hukohoa kila asubuhi mpaka mtaa mzima huamka?" Ni kweli, nami nawajua. Kumbukeni mfagizi. Moshi huvilegeza vile vinyweleo, ukavifupisha na kuvipunguza. Na papo hapo chembe zinazotoa kamasi huongezeka. Uchafu umezidi na mfagizi ameanguka. Basi mvutaji hukohoa kwa sababu ya wingi wa makohozi yaliyolundikana usiku kucha, yakawa mengi hata mlinzi mwenye usingizi hana budi kuamka. Mtu aweza kukohoa sana na mlinzi wake akawa mzito, kama vile mtu mzito wa usingizi awezavyo kuamka kila usiku, ikiwa kila usiku nyumba humwangukia.

Mlinzi hulazwa na nini? Nikotini, ile dawa ya tumbaku inayomfunga mtu asiweze kuacha, hufika ubongoni kwa muda wa sekunde 10 hadi 20 tu baada ya kuvuta, nayo hupunguza hamu ya kukohoa. Mwaka 2016 ilionekana ya kuwa hata sigara za umeme, ambazo hazina moshi wa tumbaku bali mvuke wenye nikotini, hupunguza wepesi wa kukohoa baada ya kuvutwa mara moja tu. Tena ncha za nyuzi zenyewe zikichomwa mara kwa mara huchoka, kama ulimi wa mla pilipili unavyozoea. Na kamasi nzito huzifunika. Yafaa pia nitaje mentoli, ile baridi ya mnanaa itiwayo katika sigara nyingine. Hiyo huamsha kilango cha baridi, mtu akasikia ubaridi pale alipopaswa kusikia mchomo. Moshi ni ule ule, ila mlinzi amepewa zawadi ili anyamaze. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza sigara za namna hiyo mwezi wa Mei 2020, na kwa maoni yangu zilifanya vema.

Hata hivyo, siwezi kuwaacha mkidhani ya kuwa habari yote ni usingizi. Wanyama waitwao simbilisi, wadogo kama sungura, wasio na mkia, hupendwa na wachunguzi wa kikohozi kwa kuwa wao hukohoa kama sisi, hali panya hawakohoi hivyo. Simbilisi waliowekwa katika moshi wa tumbaku siku nyingi walionekana wakikohoa zaidi walipopewa kapsaisini, wala si kidogo. Na watu ambao mapafu yao yamekwisha kuharibiwa na sigara, wenye ule ugonjwa wa kuziba njia za pumzi usiopona, mara nyingi huwa hivyo hivyo: akicheka hukohoa, akinusa manukato hukohoa, akitoka nje alfajiri hukohoa mpaka ashike ukuta.

Mambo haya mawili hayapingani kama yanavyoonekana. Moshi hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwa mkono mmoja huchoma na kuvimbisha, na mshipa wa fahamu uliokaa miaka katika uvimbe hunolewa kama kisu. Kwa mkono wa pili humtuliza mlinzi kwa nikotini. Katika miaka ya kwanza, kifua kikiwa bado kizima, mkono wa kutuliza ndio hushinda. Baadaye, mapafu yakiisha kuharibika, mkono wa kuchoma hushinda. Mvutaji huona starehe mwanzoni, na deni huandikwa mahali asipopasoma.

Watoto je? Mwaka 2012 wataalamu wa Philadelphia walitoa habari za watoto wa miaka 10 hadi 17, wenyewe hawavuti, ila huishi na wazazi wavutao. Watoto hao nao walihitaji kapsaisini nyingi zaidi ndipo wakohoe kuliko watoto wa nyumba zisizo na moshi. Mtoto hakununua sigara, wala hakuwasha, na mlinzi wake amelazwa pamoja na wa baba yake. Labda wazazi wengine humwona mtoto wao hakohoi katika moshi, wakashukuru ya kuwa ameuzoea. Moshi wa kuni nao una akrolini yake, na akina mama huuvuta kwa saa nyingi. Habari yake yataka mazungumzo mengine, lakini dirisha la jiko halina haja ya kungoja mazungumzo.

Huenda mtu akauliza: mlinzi akilala, hasara yake ni ipi? Mwaka 1990 wataalamu wa Japani waliandika habari za wazee waliougua homa ya mapafu kwa sababu ya chakula na mate kuingia katika njia ya pumzi. Walipowapima waliona ya kuwa wazee hao walikuwa wamepoteza kukohoa. Chakula kiliingia, wasijue. Sisemi ya kuwa wazee wale wote walikuwa wavutaji. Nasema tu ya kuwa hiyo ndiyo kazi ya mlinzi, na hayo ndiyo hutokea asipokuwapo. Mvutaji hujiongezea mzigo huo juu ya mfagizi aliyeanguka.

Sasa nalijibu swali la mzee. Mwaka 2006 ulitolewa uchunguzi wa watu waliovuta kwa miaka mingi, kisha wakaacha. Walipimwa kabla ya kuacha, na tena baada ya kuacha. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita, na mlinzi alikuwa amekwisha kuamka: walikohoa kwa kapsaisini kidogo kuliko kwanza. Wiki mbili, baada ya miaka mingi ya usingizi! Ndiyo zile zile wiki mbili za mzee wangu. Mlinzi aliamka akaikuta nyumba chafu, akaanza kazi. Vumbi la mbao lilikuwa likiingia siku zote. Tofauti ni kwamba sasa limeonekana. Na ile nusu ya sigara ilifanya nini? Ilimlaza mlinzi tena. Vumbi lilibaki.

Kikohozi hiki hakidumu. Mfagizi naye hupona, vinyweleo huota na kupiga tena, na kati ya mwezi wa kwanza na wa tisa baada ya kuacha, kukohoa na kukatika pumzi hupungua. Si kila mtu hukohoa aachapo. Wengine hawakohoi kabisa. Lakini yule akohoaye ajue mapema, maana mtu aliyeonywa huvumilia, na asiyeonywa hununua sigara.

Mzee wangu hakuonywa. Alirudia kuvuta, na kikohozi chake kikarudi kuwa kile cha asubuhi tu. Miaka miwili ikapita. Kisha akaanza kukohoa mchana pia, na kukonda, na kutoka jasho usiku. Mkewe alisema ni sigara. Yeye mwenyewe alisema ni sigara. Mimi, niliyekuwa nikipita mbele ya karakana yake kila siku nikienda kufundisha, nilisema moyoni ni sigara. Miezi minne ikapita hivyo, mpaka binti yake alipokuja kutoka mbali, akamtazama mara moja, akampeleka hospitali. Makohozi yakapimwa. Kilikuwa kifua kikuu.

Basi sikilizeni jambo hili hata kama mengine mmeyasahau. Kuvuta sigara huzidisha hatari ya kuugua kifua kikuu, yapata mara mbili. Na mvutaji ndiye wa mwisho kushuku, kwa kuwa kikohozi kwake si habari mpya. Mtu yeyote akikohoa kwa wiki mbili au zaidi, aende akapimwe makohozi. Aende hata kama huvuta. Aende hata kama ameacha juzi na amesikia maneno yangu ya leo ya mlinzi anayeamka. Kwa maana mimi niko hapa redioni, na siwezi kukisikia kifua chake.

Mzee alimeza dawa miezi sita, bila kukosa siku, akapona. Sigara aliiacha katika mwezi wa kwanza wa dawa. Safari hii nilimwendea mwenyewe karakanani kabla wiki ya pili haijafika, nikaketi juu ya ubao, nikamweleza habari za kilango cha pilipili, na za mlinzi, na za wale waliopimwa baada ya siku kumi na nne. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipiga msasa mguu wa kiti.

"Kumbe waweza kujibu bila mahubiri," akasema. "Mbona ulikawia?"

Sikuwa na la kumjibu. Siku ya kumi na tatu akaanza kukohoa, akamwita mkewe aje asikie.

Kwa herini.